Mwembe, dudumizi na upepo: nani hasa anayejua kama masika yamewahi?

Mvua ikinyesha usiku mmoja tu mwishoni mwa Februari, asubuhi yake maneno huwa ni yale yale hapa Mombasa, kuanzia Kongowea hadi Mtongwe: mwaka huu masika yamewahi. Mmoja atakwambia mwembe wake umechipua majani mapya. Mwingine, dudumizi amelia uani kwake tangu alfajiri. Wa tatu ameona kumbikumbi wakizunguka taa ya baraza. Jumbe za sauti zinaanza kusambaa kwenye simu, na kufikia jioni kuna mtu Mwakirunge au Shika Adabu ameshafungua mbegu na kuchimba mashimo. Wiki tatu baadaye yumo dukani ananunua paketi nyingine, maana zile za kwanza ziliota, zikapigwa na jua la Machi, zikanyauka.

Hasara hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Familia inayolima nusu ekari ya mahindi na kunde haina mbegu za kuchezea, na mkulima aliyeponzwa namna hii mara nyingi si mvivu wala mjinga. Alisoma dalili alizofundishwa na wazazi wake, na dalili zenyewe ni za kweli. Kilichomponza ni kuzitia zote kapu moja, kana kwamba mwembe, ndege, mdudu na upepo wameulizwa swali moja na wote wakajibu "ndiyo".

Tunaposema masika

Mombasa hupata mvua kwa misimu miwili mikubwa. Masika, ambayo wazee wengi wa hapa bado huyaita mvua za mwaka, kwa kawaida huanza kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili, hufika kilele Mei, kisha hupungua Juni. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, nazo mara nyingi hazina uzito wa masika. Kati yake kuna kipupwe, ile miezi ya baridi kidogo, pamoja na manyunyu ya mchoo ambayo huwafaa wenye mboga kuliko wenye mahindi. Halafu ndiyo kiangazi: Januari na Februari ni miezi mikavu kuliko yote, na Machi ndio wenye joto kali zaidi.

Mtu akisema masika yamewahi, huenda anasema mvua ya kwanza imeanguka mapema. Huenda anasema msimu wenyewe umeanza mapema. Au moyoni anatumaini kwamba mwaka huu mvua itakuwa nyingi. Haya ni mambo matatu na hayafuatani. Mvua ya kwanza inaweza kuja Februari na msimu ukaanza katikati ya Aprili kama kawaida. Msimu unaweza kuanza mapema ukakatika mapema, mahindi yakabaki na magunzi bila punje.

Kwa mkulima, linalohusu ni la pili: msimu umeanza au haujaanza? Wataalamu wa hali ya hewa wana vipimo vyao, na kimojawapo kinachotumika sana ni hiki: ziwe zimenyesha jumla ya milimita 20 hivi ndani ya siku tatu, na baada ya hapo kusipite kipindi kirefu cha ukavu, tuseme siku saba au kumi mfululizo, katika wiki tatu zinazofuata. Sehemu ya pili ya kipimo hicho ndiyo inayosahaulika. Mvua moja kubwa haianzishi msimu. Kinachouanzisha ni mvua kurudi.

Milimita 20 ni kiasi gani? Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita mraba ya ardhi. Kwa hiyo milimita 20 ni debe moja, lile la lita 20, limemwagwa sawasawa juu ya kipande cha ardhi chenye upana wa mita moja na urefu wa mita moja. Na huhitaji mashine kupima. Chukua mkebe wowote wenye kuta zilizonyooka na mdomo sawa na kitako, uweke mahali wazi mbali na paa na miti, na asubuhi utie rula ndani. Maji yakifika sentimita mbili, umepata debe lako. Mvua nyingi za Februari ambazo watu huzipigia kelele, ukizipima hivi, haziloweshi hata kucha ya kidole gumba.

Sasa weka upande wa pili wa hesabu. Jua la Machi hapa Mombasa, pamoja na upepo wake, hukausha takriban milimita tano za maji kwa siku. Debe lako la kila mita mraba linamalizika kwa siku nne. Mahindi yenyewe huchukua karibu wiki moja kuchomoza. Ndiyo maana mbegu iliyopandwa kwa mvua moja huota vizuri kabisa, ikampa mwenyewe furaha, kisha ikafa mbele ya macho yake.

Kujua feri inakuja

Mtu aliyesimama Likoni anaweza kujua habari za feri kwa njia tatu. Anaweza kutegemea saa: amezoea kwamba muda huu chombo huwa upande huu. Anaweza kukiona chenyewe kikigeuka katikati ya mkondo. Au anaweza kuona abiria wakipanda mwinuko na mizigo yao, akajua feri imeshatia nanga. Zote tatu ni habari za kweli, lakini ya kwanza ni mazoea, ya pili ndiyo jambo lenyewe, na ya tatu imechelewa.

Dalili za mvua ziko vivyo hivyo. Baadhi hufuata kalenda, iwe mvua inakuja au haiji. Baadhi hutokea baada ya jambo kupita. Na chache sana zinatokana na kile kile kinacholeta mvua. Ukiona dalili, jiulize kwanza iko kundi gani.

Zinazofuata kalenda

Mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme mwezi Machi ni mfano mzuri. Wengi wao ni wageni kutoka kaskazini mwa dunia. Hufika kwetu karibu Septemba na Oktoba, na kufikia Machi na Aprili wanarudi Ulaya na Asia kuzaa. Keremkerem wekundu tunaowaona pwani wakati wa kiangazi nao huondoka majira hayo hayo kuelekea kaskazini. Mtu akiona ndege wametoweka na wiki mbili baadaye mvua imeanguka, ni rahisi kudhani ndege walijua. Wao wanafuata saa iliyomo mwilini mwao na safari ya jua. Mwaka wa mvua huondoka, mwaka wa ukame huondoka.

Ni jambo la kupendeza, hata hivyo, kwamba jua linalowaita ndilo linalotuletea masika. Karibu tarehe 20 Machi jua hupita juu ya ikweta likielekea kaskazini. Huko Ulaya siku hiyo huhesabiwa mwanzo wa majira ya machipuko, na watu wa vijijini hutazama bustani zao kuona ua gani limetangulia na kama mbayuwayu wamerudi. Mbayuwayu wanaowasubiri ni hawa hawa waliokuwa juu ya nyaya zetu. Kwetu sisi, siku hiyo hiyo huonyesha kwamba ukanda wa mawingu ya mvua, ambao hulifuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa, uko njiani.

Nyota nazo ziko kundi hili. Wahenga walisema, "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua; kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Kilimia ni lile kundi dogo la nyota ambalo mwezi wa Mei hupotea magharibi jua linapotua, na hurudi kuonekana mashariki alfajiri za Juni. Hurudi tarehe zile zile kila mwaka. Ukiisikiliza methali vizuri, haisemi kwamba nyota huleta mvua. Inatumia nyota kama alama ya tarehe, kisha inaangalia hali ya hewa ya siku hizo: kama Mei imefika na bado ni jua, basi mvua imechelewa na huenda ikaja baadaye. Huo ni uchunguzi wa watu makini, na nadhani unastahili heshima kubwa kuliko tunavyoupa.

Wazee wa pwani walikuwa pia na hesabu ya miongo. Walianza Siku ya Mwaka, wakahesabu siku kumi kumi, miongo 36, na kumalizia na siku tano. Jumla 365. Mabaharia waliitumia kujua lini pafungwe safari na wakulima wakaitumia kujua lini wapande. Lakini hesabu hiyo haina siku ya ziada ya mwaka mrefu, kwa hiyo husogea siku moja kila miaka minne, karibu siku 24 kwa karne. Mtu aliyeshika kwamba babu wa babu yake alipanda mwongo fulani, naye akapanda mwongo ule ule bila kurekebisha, amekwishaachana na jua kwa zaidi ya wiki tatu.

Zinazotokea jambo limeshapita

Hapa ndipo penye utata mkubwa zaidi, kwa sababu hapa ndipo ulipo mwembe, na mwembe uko uani kwa kila mtu.

Utazame kwa karibu. Ncha ya tawi ikichipua majani mapya huwa mororo na mekundu yanayoelekea shaba, yananing'inia kama yaliyochoka, na baada ya siku kadhaa hukakamaa na kugeuka kijani. Ncha ikitoa maua hutoa shada lililosimama, lenye vijiua vidogo vya rangi ya maziwa na waridi, na harufu yake huvuta nzi na nyuki. Haya ni mambo mawili tofauti na kwa kawaida mti haufanyi yote kwenye ncha moja kwa wakati mmoja. Anayesema "mwembe umeamka" aulizwe kwanza: umeamka kwa majani au kwa maua?

Maua husababishwa zaidi na baridi na ukavu uliotangulia. Ndiyo maana miembe yetu mingi, iwe ngowe, boribo au dodo, hutoa maua yake makubwa wakati wa kipupwe na mwisho wake, usiku unapokuwa na ubaridi na matawi yamepumzika, ili maembe yaive kuanzia Novemba hadi kiangazini. Baadhi huchanua tena kidogo nje ya msimu huo. Kwa hiyo shada la maua linakueleza yaliyoupata mti wiki na miezi iliyopita. Halina habari za mwezi ujao. Wala mvua ya mapema haiupendezi mwembe uliochanua. Maji yakikaa kwenye maua huleta ukungu mweusi unaoyapukutisha, na mwenye mti hubaki akilaumu jini.

Majani mapya yana hadithi nyingine. Mwembe ukimaliza kubeba, hupumzika, kisha huchipua. Ukipata hata maji kidogo, huchipua. Mizizi yake huenda chini sana, kwenye unyevu uliobaki tangu vuli, mahali ambapo mzizi wa hindi hauwezi kufika hata ukiombewa dua. Mti wa miaka arubaini na mbegu ya juzi hawanywi kisima kimoja. Kijani cha mwembe kisikufanye uamini kwamba juu ya ardhi pana maji.

Mbuyu ni vivyo hivyo, na zaidi. Wale wakubwa wa Mama Ngina wana maji shinani mwao, na mbuyu unaweza kutumia akiba hiyo kusukuma majani machanga kabla tone halijaanguka. Watu wakiona hivyo husema mbuyu unajua. Unachofanya ni kujiandaa kwa msimu ambao miaka mingi huja wakati huo, na una akiba ya kuubeba hadi ufike hata ukichelewa. Sisi wenye mbegu za dukani hatuna akiba hiyo.

Kumbikumbi ndio abiria wanaopanda mwinuko. Hutoka ardhi ikishalowa, kwa kuwa wanahitaji udongo laini wa kuchimba makao mapya. Wakijaa kwenye taa yako, wanakwambia kwamba karibu na hapo mvua imenyesha ikapenya. Hiyo ni habari njema na ya kweli, lakini ni ya jana. Majongoo na konokono wanaojitokeza njiani nao wako hapo hapo.

Na dudumizi? Huyu ninampenda, na sauti yake ya kushuka, du-du-du-du, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, ni katika sauti nzuri za asubuhi za pwani. Lakini yeye ni mwenyeji. Anakaa nasi mwaka mzima na analia mwaka mzima, hasa alfajiri na jioni, na hulia zaidi majira ya kuzaa, ambayo hufuatana na mvua kwa sababu hapo wadudu ni wengi na vichaka vimefunga. Tunamsikia Agosti, hatusemi kitu. Akilia Machi na mvua ikanyesha, tunakumbuka maisha. Akilia Machi na isinyeshe, tumesahau kufikia adhuhuri.

Inayotokana na mvua yenyewe

Upepo ndio feri yenyewe inayogeuka.

Kuanzia karibu Desemba hadi Machi hapa kwetu huvuma kaskazi. Hutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi, hupita sambamba na pwani, na haubebi unyevu mwingi wa kutuangushia. Ndio upepo uliokuwa ukileta majahazi Bandari ya Kale. Mwezi wa Machi hulegea. Bahari hutulia ikang'aa, joto likazidi, nguo zikakugandia mgongoni, na kwa siku kadhaa upepo hauna mwelekeo wa kueleweka. Hicho ndicho kipindi cha maleleji. Kisha Aprili kusi huanza kuingia, umetoka mbali kusini-mashariki, umevuka maelfu ya kilomita za bahari yenye joto na umejaa unyevu. Ukiipiga pwani yenye joto, hewa hupanda, mawingu hujengeka, na mvua huanguka, mara nyingi usiku na alfajiri, pale upepo mdogo wa nchi kavu unapokutana nao.

Hii ndiyo sababu kilele chetu ni Mei, wakati bara kilele huwa Aprili: sisi tunasubiri kusi ikolee. Kufikia Julai kusi imepata nguvu na inakimbia sambamba na pwani, kwa hiyo mvua hupungua ingawa bahari imechafuka.

Kuusoma upepo hakuhitaji chombo. Simama ufuoni Nyali au Shelly, tazama bahari moja kwa moja. Kaskazi hukupiga shavu la kushoto. Kusi hukupiga shavu la kulia. Aliye mbali na bahari atazame makuti ya mnazi mrefu, yamelala upande gani. Tahadhari ni moja: usipime alfajiri, maana saa hiyo huvuma umande kutoka nchi kavu, na huo huja kila siku ya Mungu. Pima alasiri, siku kadhaa mfululizo. Siku moja ya shavu la kulia haina maana. Wiki nzima ya shavu la kulia, na mawingu mazito yanayotoka baharini badala ya vile vipande vyeupe vya kiangazi, ina maana kubwa. Wavuvi huliona hili mapema kuliko wakulima, kwa sababu kosa lao hulipwa siku hiyo hiyo. Ukiwa na jirani anayevua, muulize yeye kabla ya kumuuliza dudumizi.

Kwa nini basi mvua hunyesha Februari

Swali hili ni la haki: kama kaskazi ni mkavu, ile mvua ya Februari ilitoka wapi?

Wakati mwingine ni mabaki. Vuli ya 2019 ilikuwa kali kwa sababu maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kupita kawaida, na sehemu nyingi za Kenya mvua iliendelea hadi Januari 2020. Aliyeona ardhi mbichi Januari angeweza kuapa kwamba masika yamekuja. Ilikuwa vuli iliyokataa kuondoka.

Wakati mwingine ni wimbi la mawingu ambalo huizunguka dunia kupitia Bahari ya Hindi kila baada ya siku 30 hadi 60. Likiwa juu ya upande wetu, mvua huzidi. Likipita, anga hufunguka. Ndiyo maana wiki moja ya mvua ya mapema hufuatwa mara nyingi na wiki mbili tatu za ukavu. Hilo pengo ndilo kaburi la mbegu.

Na kuna vimbunga vya kusini. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande wa Madagaska, na sehemu kubwa ya Kenya ilipata mvua nyingi mapema. Mwaka uliofuata, katikati ya Machi 2019, kimbunga Idai kiliipiga Msumbiji karibu na Beira, kikavuta unyevu upande wake, na masika ya Kenya yakachelewa wiki kadhaa. Miaka miwili iliyofuatana, mwezi ule ule, matokeo kinyume. Hakuna mwembe ambao ungeweza kukwambia hayo.

El Niño na asilimia

Siku hizi kila mvua kubwa huitwa El Niño. El Niño ni kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, na athari yake kwetu huonekana hasa kwenye vuli. Mafuriko ya 1997 na ya mwisho wa 2023 yalikuja wakati wa vuli. Masika hayafungamani na El Niño kwa namna hiyo, na ndiyo maana yenyewe ni magumu zaidi kutabiri kuliko vuli. Mtu akikwambia Februari kwamba "mwaka huu ni El Niño, pandeni mapema", anatumia ufunguo wa mlango mwingine.

Kuhusu utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, wengi huudharau kwa sababu hawajaelezwa namna ya kuusoma. Ukisikia "asilimia 45 mvua itazidi kawaida", haimaanishi mvua itaongezeka kwa asilimia 45. Wataalamu huchukua miaka 30, siku hizi ile ya 1991 hadi 2020, wakaipanga kuanzia mwenye mvua kidogo hadi mwenye nyingi, na kuigawa mafungu matatu ya miaka kumi kumi: pungufu, kawaida, nyingi. Bila habari yoyote, kila fungu lina nafasi sawa, asilimia 33. Utabiri ukitoa 45 kwa mvua nyingi, 35 kwa kawaida na 20 kwa pungufu, unasema mzani umeinama upande wa mvua nyingi, lakini bado kuna nafasi moja kati ya tano ya mwaka mkavu. Hapo mkulima mwenye busara haweki shamba lote kwenye zao moja. Na utabiri wa msimu mzima ni tofauti na ule wa siku saba. Wa kwanza ukusaidie kuchagua mbegu, wa pili ukusaidie kuchagua siku.

Kupanda

Kungoja nako kuna gharama yake. Tangu miaka ya 1980 watafiti wameona masika ya Afrika Mashariki yakielekea kufupika, kwa kuchelewa kuanza na kuwahi kukatika, ingawa kumekuwa na miaka ya mvua nyingi mno kama 2018 na 2024. Mahindi ya pwani kama PH4 yanahitaji miezi mitatu hadi minne. Anayengoja hadi Mei ili awe na uhakika kamili anaweza kukuta mvua inamwacha njiani.

Kwa hiyo fanya hivi. Shamba liwe limeshafyekwa na kulimwa kabla ya mwisho wa Machi, hilo halingoji mvua. Mkebe wako uwe umewekwa. Mvua ikinyesha, usitazame juu ya ardhi; chimba. Tia jembe, fungua shimo la kina cha shubiri moja, chukua udongo wa chini kabisa na uukamate. Ukishikamana, mvua imefika. Ukikuta mstari, juu mbichi na chini vumbi, imekudanganya. Udongo wa kichanga, ambao ndio mwingi huku kwetu, hulowa upesi kwenda chini na hukauka upesi vilevile, kwa hiyo rudia kupima siku ya tatu.

Kama mkebe umefika sentimita mbili, shimo ni bichi hadi chini, na upepo wa alasiri umeshakuwa shavu la kulia kwa siku kadhaa, panda. Kama mawili kati ya hayo yapo na la upepo halipo, panda sehemu: mistari michache ya kunde au pojo, ambazo mbegu zake ni rahisi na zinavumilia ukavu kuliko mahindi. Wanaopanda kavu, kabla ya mvua, wana haki yao kabisa, mradi wafukie mbegu chini kidogo kuliko kawaida ili manyunyu yasiiamshe, na wafanye hivyo maleleji yakiwa yameanza, si Februari. Wala usimalize mbegu yote siku ya kwanza. Bakisha ya kurudishia mashimo yatakayokosa.